Mama Aliniita, Wakamwambia Niko Napoli

Nina umri wa miaka thelathini na mmoja. Sina mke, sina mtoto, na shule niliiacha nikiwa darasa la sita. Siyo kwamba nilikuwa mjinga... hapana! Miguu yangu tu haikutulia. Nikiona lori linapita, nilitaka kujua linakwenda wapi, limebeba nini, na huko linakokwenda watu wanakula nini.

Asubuhi moja nilitoka kwetu Isansa bila mpango wowote. Mama alikuwa shambani akichuma kahawa. Sikumuaga. Nilijua akinishika mkono tu, safari imekwisha! Nikadandia pikapu iliyobeba mahindi, na jioni nikajikuta Tunduma.

Nilianza kwa kupakua mizigo mpakani. Baadaye nikapata kazi kwenye studio ya picha ya mzee Shabani, mfanyabiashara kutoka Tanga, mtu wa swala tano na utani mwingi.

Studio ile ilinishika roho. Ukuta mzima, kona hadi kona, ulifunikwa na picha ndefu ya mji wa Napoli, kule Italia. Mji wa kale! Nyumba zimepandana mlimani, makuba ya makanisa, ngome ya mawe imekaa majini, na nyuma kabisa mlima wa volkano. Vijana walivaa miwani ya jua, wakapigwa picha mbele yake, wakawatambia wenzao kuwa wako Ulaya.

Mimi nilitaka kujua ilipigwaje. Kamera gani ina jicho pana hivyo? Mzee Shabani akanieleza kuwa mpigaji husimama palepale, akageuka taratibu, akapiga kipande baada ya kipande, kisha vipande vikaunganishwa. Ndiyo maana babu mmoja mwenye kikapu cha mikate alionekana mara mbili. Alikuwa akitembea kuelekea upande uleule ambao kamera iligeukia.

"Huyo babu ana biashara mbili," mzee Shabani alinitania, "wewe hata moja huna. Fagia!"

Nilikuwa na furaha, ndugu zangu... Kitu kimoja tu kilinikosesha usingizi. Mama. Nilitamani nirudi, nipige magoti, aniambie amenisamehe.

Siku moja akaja kaka yangu Laiton, mtoto wa kwanza kwetu. Alileta mahindi sokoni, akaulizia mpaka akanipata. Alinikumbatia! Nikamuuliza habari za mama. Akainamisha kichwa.

"Mdogo wangu, mama ana hasira na wewe. Amesema asikuone mpaka akuite mwenyewe. Ukienda sasa utampandisha presha bure."

Nililia kama mtoto. Laiton akanibembeleza, akasema nipigwe picha nzuri ampelekee, huenda moyo wake ukalainika. Akaniazimia koti la studio. Akachagua mwenyewe mahali pa kusimama, mbele ya Napoli.

"Hapohapo! Cheka kidogo, mdogo wangu."

Nikacheka...

Baada ya hapo kila alipokuja nilimpa zawadi za mama. Kitenge, sukari, sabuni. Kila mara jibu lilikuwa lilelile: amepokea, ila bado hajakuita. Mama hakuwa na simu yake. Nami nilimwamini kaka. Nani asingemwamini ndugu wa tumbo moja?

Msimu wa kahawa ulipopita, mama Tumaini, jirani yetu wa Isansa, aliingia studio kupiga pasipoti saizi. Aliponiona akapiga kelele.

"Yesu wangu! Wewe si uko Ulaya?"

Nikacheka. "Ulaya gani, mama? Niko hapa na ufagio wangu."

Hakucheka. Alikaa kwenye benchi la wateja, akajifunika uso kwa khanga.

"Mwanangu... mama yako tumeshamzika."

Palepale akanieleza yote. Laiton aliipeleka ile picha nyumbani, akawaambia mama na ukoo kwamba nimefika Italia na sitarudi tena. Mama hakuwahi kunikasirikia hata siku moja! Aliitundika picha sebuleni, akamwonyesha kila mgeni. Ni yeye peke yake aliyeuliza mbona yule mzee wa mikate anaonekana mara mbili. Laiton akamjibu kuwa ni mapacha.

Mama alipougua na kuzidiwa, aliniita. "Mpigieni mwanangu, aje." Laiton akatoka uani na simu, akarudi akisema nimenyimwa ruhusa kazini. Mama akaniita mpaka sauti ikakatika...

Kaburini walitangaza kuwa mtoto wa mwisho yuko nje ya nchi, na shada langu likawekwa na binamu. Kwenye kikao cha ukoo wakamwachia Laiton sehemu yangu ya shamba la kahawa. Mtu wa Ulaya ana shida gani na mibuni?

Nilikwenda Isansa. Laiton alisimama mlangoni, wala hakutetemeka.

"Picha nilipeleka, sawa. Lakini Tunduma si ng'ambo! Ni safari ya nusu siku. Mimi nilikufunga miguu?"

Nilitaka kumrukia. Badala yake nikaitazama miguu yangu. Miguu hii iliyonipeleka kila mahali... ilishindwaje kunipeleka kwa mama?

Baba mdogo aliahidi kuitisha kikao kingine. Shamba laweza kurudi. Mama je? Nilikaa kaburini mpaka jua likazama, na kesho yake nikaondoka tena, sijui niendako.

Wasomaji wenzangu, nawaomba kwa machozi! Mzazi wako akiwa hai, usimtumie salamu kupitia mtu. Usikubali kuambiwa "amekasirika" na mdomo wa mwingine. Nenda mwenyewe. Akikufukuza, afadhali akufukuze umeuona uso wake!

Nimeshukia Nanyala. Mama mmoja mjane amenipa chumba cha uani, kina kitanda na dirisha linalotazama barabara kuu. Aliponikabidhi ufunguo aliniuliza swali moja tu.

"Ukiugua humu ndani, baba, nimpigie nani?"

Bado ananisubiri nimjibu...