Aproni za Jumba la Shangani

Yaliyomfika jirani yetu Ulfat aliyasimulia bila kulia. Mumewe alipopotea mwezi wa nne, alitafuta kazi ya kuwalisha wanawe, akapata kufua aproni wanazovaa Frimasoni mikutanoni, katika jumba lao la Shangani.

“Tawi hili walilianzisha Frimasoni saba waliotaka chumba chao peke yao,” mlinzi alimwambia. “Mkutanoni haingii asiyekuwa Frimasoni.”

“Na sasa nani anazivaa?”

“Wa mwisho kazikwa mimi sijazaliwa. Wewe fua tu, Bi Ulfat.”

Ndani mlikuwa na giza mchana kweupe, na ghorofani viti vilikuwa vikiburutwa. Ulfat akaokota aproni ya juu kwenye rundo la kufuliwa. Ilikuwa imelowa jasho, bado ina joto, na ilinukia udi anaouchanganya mwenyewe kufukizia nguo za mumewe.