Mpangaji wa Ghorofa ya Nne

Mchana kweupe lifti ilianza kunuka nywele zilizoungua, na mwendesha lifti akajua amekosea.

Jengo lile zamani lilikuwa hoteli ya wenye nazo. Tajiri aliyelijenga, tamaa ikiwa imemjaa hadi kooni, alileta jini limlindie mali, akaligawia ghorofa ya nne. Wageni wa ghorofa hiyo walipokutwa vitandani wamepasuliwa vifua, milango ikapigiliwa mbao. Hoteli ikafa, wakaja wapangaji, lakini kila mwendesha lifti alirithishwa kazi moja: ukipanda, simama ya nne, fungua, subiri jini lishuke.

Siku hiyo alipanda mbio kumfuata mkewe aliyeshikwa na uchungu huko juu. Hakusimama. Sasa walikuwa wanashuka, jirani yao fundi cherehani akimshikilia mama mjamzito.

"Mume wangu, nani ananipumulia shingoni?" mkewe alinong'ona.

"Usigeuke, mke wangu. Nakuomba."

"Si umfungulie huyo bwana mkubwa wako ashuke!" fundi alitania.

Walipofika ya nne alivuta breki, lifti ikagoma kusimama, na mlango wa nondo ukaanza kufunguka na kujibamiza wenyewe, tena na tena, mpaka ukaubana mkono wa fundi, mfupa ukalia, damu ikaruka ukutani, naye akanyanyuliwa kwa nywele asionekane anayemnyanyua, akagongeshwa darini hadi sauti ikamkatika, huku mama akipiga mayowe na mtoto akizaliwa palepale sakafuni, kwenye damu ya watu wawili.

Fundi walimzika. Siku mama aliporudi na mtoto kutoka hospitali, mganga aliletwa, akajifungia ndani ya lifti. Vishindo vikatikisa jengo. Alitoka anavuja damu mdomoni, meno ya mbele hana.

"Ametoka, mzee wangu?"

"Kwenye lifti ametoka, mwanangu."

Mwendesha lifti alilia kwa furaha. Akapanda nyumbani, akasimama ya nne kwa mazoea, hakusikia harufu yoyote. Harufu aliikuta mlangoni kwake.

Mkewe alikaa kitandani, kanga imelowa damu kifuani, hathubutu kumwondolea mtoto macho.

"Baba," alisema kwa sauti ndogo, "mtoto wa juzi huwa ana meno?"