Nati Tatu za Nyuma

Mwanabaraka hakupenda wateja wanaoingia dukani na miwani ya jua, kwa hiyo alimchukia Nurudin kabla hajafungua mdomo. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mtaa wa Mirongo jijini Mwanza umejaa milio ya nyundo na redio za kaseti, na kwenye kaunta ya duka la vipuri la mjomba wake watu sita walikuwa wakigombea kuhudumiwa. Nurudin aliwapita wote. Alivaa shati jeupe na jinzi iliyopigwa pasi mpaka ikaweka mstari, na kifuani amekumbatia kitu kilichofungwa kwa gazeti la Kiarabu kama aliyetoka wodi ya wazazi.

"Dada, nahitaji gasketi mbili."

"Wenzako wamesimama foleni, kaka."

"Wenzangu hawana hili."

Akafungua gazeti. Lilikuwa bomba la ekzosi, jipya, linang'aa, limepinda mara mbili. Gari lake, alisema, lilikuwa bado baharini, lina injini ya silinda sita, tatu mbele na tatu nyuma, na bomba hilo ndilo la kupitisha moshi wa upande mmoja ukaungane na wa upande wa pili. La kiwandani lilikuwa jembamba, magari ya aina hiyo yakawa yanapumua kwa shida. Hili alikuwa ameagiza Dubai.

"Na gasketi zake?"

"Zilisahaulika huko huko."

"Pamoja na adabu."

Foleni ikacheka. Mwanabaraka alichana boksi la sigara, akalilaza juu ya mdomo wa bomba na kulisugua kwa kidole gumba chenye grisi mpaka umbo lote likajichora. Akalihamishia kwenye karatasi ya shaba, akachukua mkasi wa baba yake. Baba yake alikuwa fundi bati, na binti alikuwa akikata bati la vibatari vya mafuta ya taa tangu ana miaka saba. Vidole vyake vilikuwa vyembamba na havikuwa na haraka.

"Unakata kila kitu hivyo?" Nurudin aliuliza.

"Hata maneno marefu nayakata."

Nurudin akavua miwani. Hapo ndipo balaa lilipoanza, maana alikuwa na macho mazuri, na alijua kwamba anayo.

Kuanzia siku hiyo simu ya duka ikawa inalia kila saa saba mchana, mjomba akiwa ameenda kuswali.

"Duka la vipuri."

"Nina mgonjwa hapa, halali, hali."

"Mpeleke hospitali."

"Wamemkataa. Wamesema dawa yake iko Mirongo, imevaa ushungi wa kijani."

"Leo nimevaa mweusi."

"Basi ndiyo maana amezidiwa."

Maneno ya bure kabisa, na Mwanabaraka aliyatafuna kama karanga. Miezi miwili ikapita hivyo. Bomba lilikaa chumbani kwa Nurudin likisubiri gari limalize safari zake bandarini na forodhani, na gari lilipofika Isamilo, nyumbani kwa kaka yake Yunus aliyetajirika kwa minofu ya sangara, mtaa mzima ulitoka kulitazama. Lilikuwa jekundu, fupi, na Yunus ndiye aliyelilipia.

Kazi ya kulifunga bomba ilifanyika uani, gari likiwa juu ya matofali. Fundi Ngosha alilala chini yake siku mbili. Bomba la zamani lilitoka, jipya likakaa, upande wa mbele ukakazwa vizuri. Ikabaki ncha ya nyuma ya bomba, iliyobanwa kati ya injini na ukuta wa kabini, yenye nati tatu zisizoonekana kwa macho. Mkono wa Ngosha ulikuwa mnene kama mkate wa boflo.

"Bosi, hapa tushushe injini yote," alisema. "Ama utafute mtu mwenye mkono wa mtoto."

Nurudin akapiga simu Mirongo.

Mwanabaraka alikuja Jumamosi na shangazi yake Shamsa, kwa sababu hangeruhusiwa kuja peke yake. Gauni lake lilikuwa la kitenge cha bluu. Alivua bangili, akampa shangazi, akauzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko na kuangalia angani huku vidole vikitafuta. Baada ya nusu saa nati zote tatu zilikuwa zimeingia. Nurudin aliwasha gari. Lilitoa sauti nene, ya chini, iliyotetemesha vikombe mezani, akacheka kwa furaha.

"Zima, lipoe," Mwanabaraka alisema. "Shaba ikipata moto inalala. Lazima nikaze tena."

"Nisubiri mpaka saa ngapi? Kaza sasa hivi, mpenzi. Nataka nilisikie barabarani."

Kwa neno moja, mpenzi, mbele ya shangazi, Mwanabaraka alirudisha mkono kwenye chuma cha moto. Alikaza zote tatu. Mkono ulipotoka, kifundo chake kilikuwa na alama nyekundu ndefu kama njiti ya kiberiti. Nurudin aliipaka asali, akaipuliza, uso ukionyesha kweli kwamba anaumia naye.

"Jumapili ijayo kuna mashindano ya magari, Usagara mpaka mjini," alimnong'oneza. "Ijumaa inayofuata barua ya posa inaingia kwenu."

"Ukishindwa?"

"Inaingia hivyo hivyo."

Mwanabaraka alirudi nyumbani akiwa mke wa mtu tayari, moyoni mwake.

Alhamisi simu ililia kama kawaida.

"Alama yangu imepona?" Nurudin aliuliza.

"Inawasha."

"Ikiwasha ujue nakuwaza. Subiri kidogo, kuna mtu mlangoni."

Aliuweka mkono wa simu mezani. Mwanabaraka alisikia kiti kikivutwa, kisha sauti ya Chenge, karani wa Yunus.

"Bado tu na yule binti wa fundi bati? Kaka yako anauliza kama ndiyo unaoa huko."

"Nioe vibatari?" Nurudin akacheka. "Nilitaka vidole vyake, Chenge. Kuna nati tatu hazifikiki. Jumapili ikipita, sina shida naye."

Chenge naye akacheka. Mlango ukafungwa.

"Upo, mpenzi?"

"Nipo."

"Jumamosi uje unikazie mara ya mwisho."

"Nitakuja."

Sasa nitasema ambalo Mwanabaraka hakulijua, na mnilaumu mimi kwamba nalisema wakati halimsaidii. Chenge alikuwa akibeba kila neno kwenda kwa Yunus. Yunus alishaapa kwamba mdogo wake akioa kwa mafundi bati, gari atalinyang'anya siku hiyo hiyo. Nurudin alikuwa amekwisha kuiandika barua, kwa mkono wake, na kuificha kwenye droo ya dashibodi. Alidanganya ili apate siku tatu. Mwanamume aliyeogopa kunyang'anywa gari kuliko kuaibisha jina la mpenzi wake si mtu wa kuhurumiwa sana, lakini mwongo wa moyoni hakuwa.

Na Mwanabaraka angeweza kuuliza. Neno moja tu, pale pale kwenye simu. Alinyamaza.

Jumamosi alikuja amevaa kile kitenge cha bluu. Injini ilikuwa baridi. Alizamisha mkono, akafungua nati, akavuta gasketi ya shaba na kuitia mfukoni. Mahali pake alichomeka nyingine, ya boksi la biskuti, aliyoikata usiku uliopita kwa uangalifu ule ule. Akakaza nati zote, barabara.

"Tayari?" Nurudin aliuliza.

"Tayari."

"Utakuja Usagara kunitazama?"

"Nitakusikia kutoka nyumbani."

Hakutaka damu. Alitaka boksi liungue, ekzosi ianze kupasuka na kubweka kama trekta bovu mbele ya mji mzima, watu wamcheke alivyochekwa yeye. Ndicho alichokitaka, na alilala vizuri.

Boksi liliungua kabla ya Buhongwa. Nurudin alikuwa anaongoza. Moto wa ekzosi ulipenya, ukakuta nyaya, nyaya zikakuta mpira wa petroli. Alisimamisha gari, akatoka mzima, hana hata mkwaruzo. Halafu, watu wakimvuta shati wasimwachie, akarudi kwenye moto na kuingiza mkono wa kulia kwenye dashibodi. Waliokuwapo walisema alifuata pesa.

Alilazwa hospitali ya Bugando wiki tano. Mwanabaraka hakwenda. Kila siku saa saba simu ya duka ilinyamaza, naye alisimama karibu nayo.

Siku aliyotoka, Nurudin alikuja Mirongo bila miwani. Mkono wa kulia ulifungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko, vidole viwili vimeshikana. Alisubiri foleni. Zamu yake ilipofika aliweka juu ya kaunta nati tatu nyeusi.

"Ngosha ameshusha injini," alisema taratibu. "Nati zilikuwa zimekazwa vizuri sana. Gasketi ya shaba haikuwepo. Kulikuwa na majivu ya boksi. Akaniuliza, bosi, mkono gani mwingine unafika hapa?"

Mwanabaraka alishika ukingo wa kaunta.

"Ulimjibu nini?"

"Bado sijamjibu."

"Nilisikia kwenye simu. Wewe na Chenge."

Nurudin alifumba macho. Kwa mkono wa kushoto alitoa bahasha mfukoni, kona yake imeungua, jina la baba yake Mwanabaraka bado linasomeka.

"Hii ndiyo niliyoifuata," alisema. "Chenge ni mdomo wa kaka yangu. Ungeniuliza."

"Nurudin, nisamehe. Sikujua kama moto utafika—"

"Yunus amekubali sasa. Amesema na mkono huu, nani mwingine atanitaka." Akacheka kidogo, bila furaha. "Wazee watakuja Ijumaa. Utaulizwa. Ulinyamaza kwenye simu, ukanyamaza ukiwa na spana mkononi. Ijumaa nyamaza tena."

"Na nikikataa?"

"Nitamjibu Ngosha. Naye ana mdomo."

"Unanipenda bado?"

Nurudin alirudisha bahasha mfukoni, wateja nyuma yake wakilalamika.

"Hilo ndilo linaloniudhi," alisema, akaenda.

Ijumaa wazee walikuja na kanzu zilizonyooshwa na sinia la halua. Baba aliisoma barua, akageuza kona iliyoungua, akasema kijana amepata ajali, tumshukuru Mungu. Shangazi Shamsa aliingia chumbani alikokaa Mwanabaraka, amejifunika kanga mpya, gasketi ya shaba imemkata kiganjani kwa jinsi alivyoifumbata.

"Mwanangu, Nurudin ameleta posa. Unamkubali?"

Kwao binti akiulizwa hivyo akanyamaza, ndiyo amekubali. Mwanabaraka alikuwa na mengi ya kusema. Alimtaka mtu huyu tangu alipovua miwani, na alimwogopa kuliko mtu yeyote duniani. Alifungua mdomo, akaona baba yake mlangoni anatabasamu, akaufumba.

Shangazi alisubiri kidogo, kisha akapiga vigelegele. Nyumba nzima ikaitikia.

Kesho yake, saa saba mchana, simu ya duka ililia. Mwanabaraka aliiacha ilie mara nne.

"Upo, mpenzi?"

Alama ya kifundoni ilikuwa inawasha.

"Nipo."