Stelingi Hafi

Jumamosi hiyo foleni ya sinema ilianzia mlangoni, ikapita mbele ya duka la baiskeli na kukata kona hadi kwa wauza ndizi. Ilikuwa Julai, na Julai ya Mbeya haina mzaha: ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlima Loleza, na watu walijikunyata ndani ya makoti yaliyoshonwa kwa ajili ya watu warefu kuliko wao. Gideoni Kalinga alifika dirishani akipuliza vidole. Alikuwa kijana wa Kihehe kutoka Iringa, fundi wa simu, aliyeletwa Mbeya kwa miezi michache kusaidia kuunganisha nyaya. Alivaa suruali ya kaki iliyopigwa pasi ikakaa sawasawa, na tai nyekundu ambayo hakuna aliyemwomba aivae.

"Dada, nipe tiketi ya ile ya vita."

"Sikupi," alisema msichana wa tiketi.

"Unasemaje?"

"Sikupi, kaka. Utalala. Wanapigana wee, halafu wanapeana mikono wanakunywa chai. Ngoja saa kumi, kuna kipande cha tatu cha Bwana Kofia."

"Cha kwanza sijaona, cha pili sijaona. Nitaelewa nini?"

"Si nakueleza mimi?" Akaegemea dirisha, foleni nzima ikisubiri. "Kuna huyo Bwana Kofia, kofia yake haidondoki hata akianguka na farasi. Kuna Bibi Mjeledi, anampenda ila hasemi. Halafu kuna jambazi la jicho moja. Jumamosi iliyopita Bwana Kofia katumbukia korongoni, na gari linawaka moto."

"Basi kafa."

"Mwe! Stelingi hafi!"

"Dada, uza tiketi!" mtu alipiga kelele nyuma. "Uchumba mtafanyia kwenu!"

Foleni ikacheka. Msichana naye akacheka, na mwanya wake ukaonekana, na hapo ndipo Gideoni alipokwisha. Aliitwa Tusekile, Mnyakyusa wa Rungwe, amelelewa na shangazi yake mtaa wa Mwanjelwa. Alivaa gauni la maua ya njano na juu yake sweta ya buluu iliyofumwa misheni. Tajiri mwenye ukumbi alimwajiri kwa sababu alisoma hadi darasa la nane na hakuna aliyeweza kumdanganya chenji.

Gideoni aliangalia kipande cha tatu, akaangalia cha nne na cha tano. Kila Jumamosi alimsindikiza Tusekile hadi Mwanjelwa, wakibishana njia nzima kama wameajiriwa kubishana. Gideoni alisema Bibi Mjeledi ni mjinga, mtu ukimpenda si umwambie tu? Tusekile alisema mwanamke mwenye adabu haropoki. Mwenye macho ataona mwenyewe.

"Na asipoona?" Gideoni aliuliza.

"Basi hana macho. Wa nini?"

Lau Gideoni angelisikia vizuri neno hilo! Lakini vijana wakipendana husikia sauti tu, maneno hawayasikii.

Kazi ya nyaya ikaisha, akarudishwa Iringa. Bahati moja ilibaki: mikanda ya sinema ilianzia Iringa, ndipo wiki inayofuata ikapakiwa kwenye basi kuja Mbeya. Gideoni akawa anaona kila kipande wiki nzima kabla ya mpenzi wake. Tajiri alikuwa na simu ofisini, na Gideoni alikuwa na funguo za chumba cha simu. Jumatatu asubuhi, mabwana wakubwa wakiwa bado wanakunywa chai, waya wa Iringa na Mbeya ulikuwa mali ya watu wawili.

"Haloo, Mbeya."

"Haloo, mwizi wa waya. Umeamkaje, Gide wangu?"

"Nimeamka na baridi na njaa ya kukuona. Tuse, kipande cha kumi na moja, we acha! Yule jambazi—"

"Usiniambie!"

"Sikuambii. Ila ukienda Jumamosi chukua leso."

"Nani anakufa?"

"Umesema nisikuambie."

"Gideoni! Niambie kidogo tu. Kidogo cha ukucha."

"Farasi."

"Kyala we!" Tusekile akaanza kumlilia farasi ambaye alikuwa bado hajafa Mbeya.

Siku nyingine Gideoni alisema, "Kuna sinema nyingine nataka uiangalie. Ya fundi simu na mkata tiketi."

"Ina vipande vingapi?"

"Sijui. Najua tu kinachofuata wako kanisani."

"Hiyo nitaiangalia," Tusekile alisema polepole. "Hata kama ni ndefu."

Mambo yakaenda mbio. Washenga wakatumwa Rungwe, wazazi wa Tusekile wakakubali, na ng'ombe wa kwanza wakafikishwa. Walioana? Bado. Lakini kwa Wanyakyusa, ng'ombe wakishaingia zizini binti ni mkwe wa watu, na mkwe ana mwiko mmoja mkubwa kuliko yote: baba wa mume haonwi. Binti haketi naye, hapishani naye njiani, hamtazami usoni. Akimwona anakuja hujifunika na kukimbia, na kadiri anavyokimbia ndivyo anavyoheshimu. Hata waliobatizwa waliushika mwiko huo, na Tusekile alifundishwa na nyanya yake tangu anaanza kutembea. Kwa Wahehe ni kinyume. Mkwe mwema huja, hupiga magoti na kumwamkia mzee, "Kamwene," naye mzee hufurahi, hubariki.

Hakuna aliyemwambia mwenzake. Kila mmoja alidhani dunia nzima inafanya kama kwao.

Mzee Kalinga, baba yake Gideoni, alikuwa mkulima wa Igowole, mjane, mtu wa maneno machache. Alisema hawezi kuendelea kutoa ng'ombe kwa binti asiyemjua. Akavaa koti lake la kanisani, akampitia mwanawe Iringa, wakapanda basi kwenda Mbeya. Gideoni hakupiga simu. Alitaka kumshtukiza mpenzi wake kwa furaha.

Walifika Jumamosi, saa ya foleni. Gideoni alimshika baba yake mkono, akapenya naye hadi dirishani.

"Tuse! Huyu ndiye baba!"

Tusekile aliinua uso. Akaona pua ileile ya Gideoni katika uso wa mzee. Akatoa ukelele, akavuta kanga mabegani akajigubika kichwa, akainama chini ya meza kama aliyepigwa. Kisha mlango wa nyuma ukabamizwa. Tiketi zikatawanyika sakafuni. Mzee Kalinga alibaki ameingiza mkono dirishani, mkono wa kumwamkia binti yake.

Foleni ikaangua kicheko.

"Nina ukoma?" mzee aliuliza.

Gideoni alikimbia kuzunguka ukumbi. Tusekile alikuwa uani, anahema. Lakini nyuma ya Gideoni alimwona mzee naye anakuja, basi akaruka ua na kupotelea kwenye migomba ya watu.

"Mwache," mzee alisema. "Nimeona vya kutosha. Kumbe nimeletwa mbali hivi nije kuchekwa."

Na Tusekile? Tusekile alijikunyata migombani, matope yamempanda hadi magotini, na moyo wake ulijaa furaha. Alikuwa amefanya vizuri sana. Nyanya yake angejivuna. Alimngoja Gideoni aje jioni kumwambia jinsi mzee alivyopendezwa.

Gideoni hakuja. Simu ililia Jumatatu, na sauti ndani yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Baba yangu amelala na njaa siku mbili, Tusekile. Hali."

"Anaumwa?"

"Anauliza ulichomwona nacho."

Tusekile alishangaa. Mambo haya hayasemwi na mkwe, hata jina la mzee halitamki. "Sikumwona na kitu, Gide. Mimi nimefanya ilivyopasa."

"Ilivyopasa?" Gideoni alikaribia kulia. "Sikiliza. Mimi bila radhi ya baba sioi. Amesema uje Igowole, upige magoti mbele yake, umtazame usoni, umwamkie watu wakiona. Basi. Yataisha."

"Yeye mwenyewe kasema? Nimtazame usoni? Mbele ya watu?"

"Kasema yeye."

Masikini binti wa watu! Angepigwa kibao asingeumia hivyo. Baba mkwe anayekuita usoni pake mbele ya watu, huyo amekuvua ukwe. Anakwambia wewe ni mtu wa njiani tu, kama muuza ndizi. Na aliyeleta habari hiyo ni Gideoni, bila hata kuona haya.

"Nimeelewa," Tusekile alisema. "Ng'ombe zenu mtaletewa."

"Tuse, kiburi hiki—"

Lakini alikuwa anazungumza na waya.

Ng'ombe walirudi. Walifika Igowole wamekonda kwa safari, na mzee Kalinga aliwafungia zizini. Gideoni alipiga simu Mbeya mara nyingi, tajiri akawa anajibu kwamba msichana ameacha kazi. Jumamosi zikaendelea kuja. Kipande cha mwisho cha Bwana Kofia kilionyeshwa Iringa ukumbi ukitikisika kwa vifijo: jambazi limefungwa kamba, Bibi Mjeledi ametamka neno lake, harusi imefungwa. Watu walimpiga Gideoni mgongoni. "Si tulisema? Stelingi hafi!" Alitoka nje akasimama chini ya mti, hana wa kumsimulia. Hapo ndipo alipolia, mwanamume mzima, tai yake nyekundu mdomoni asisikike.

Ukapita mwaka. Posta ya Iringa ikapata karani mgeni, Anyitike, Mnyakyusa mcheshi. Jumapili moja alimkaribisha Gideoni nyumbani kwake. Walikuwa wanakula wali wa Rujewa, mke wa Anyitike anapakua, wakati sauti ya mzee ilipobisha hodi. Mke akatupa upawa, akajifunika kanga, akatoka mbio mlango wa nyuma. Kuku wakaruka huku na huku.

Aliyeingia alikuwa baba yake Anyitike, amekuja kutoka Rungwe. Gideoni aliinamisha kichwa kwa aibu. Mzee alipokwenda kunawa, Gideoni alinong'ona, "Pole, ndugu yangu. Mkeo amekuaibisha mbele ya baba yako."

Anyitike alimkodolea macho, kisha akacheka hadi wali ukampalia. "Kaniaibisha? We Kalinga! Hukuona alivyokimbia? Yule amefunzwa! Hiyo ndiyo salamu yetu. Akimtazama mzee usoni, siku hiyo mimi sina mke."

Gideoni hakumaliza chakula. Kesho yake alikuwa Igowole, amepiga magoti katika kibanda cha baba yake, akieleza. Mzee Kalinga alisikiliza mpaka mwisho. Alitazama moto.

"Kwa hiyo mtoto alikuwa ananipa heshima," alisema, "mimi nikamrudishia matusi."

"Hatukujua, baba."

"Kutojua hakumfuti mtu machozi. Inuka. Tunakwenda."

Ndani ya basi Gideoni alipanga maneno, akayapangua. Mzee alikuwa na mpango wake, na hakuusema mpaka walipofika Mwanjelwa, kwenye ua wa shangazi yake Tusekile. Hapo alivua kofia, akaupa mlango mgongo, akasimama akitazama ukuta wa udongo.

"Mwambie atoke," alisema. "Simwoni. Mwambie mzee wa Igowole amekuja kuomba radhi, na hatageuka mpaka aambiwe."

Shangazi alitoka, akaona mgongo wa mzee, akaweka mkono mdomoni. Akarudi ndani. Kulikuwa na maneno ya chini ya Kinyakyusa, kisha kilio kifupi cha mtu anayejizuia. Mzee alisema na ukuta kwa sauti yake nzito, "Mwanangu, nilikukosea. Ulinipa cha kwenu, nikadai cha kwetu. Nisamehe."

Tusekile akatoka.

Alikuwa amekonda, na amevaa kitenge kipya. Alimpita Gideoni karibu kiasi cha kusikia harufu ya sabuni yake. Akamzunguka mzee, akaenda hadi ukutani mbele yake, akapiga magoti udongoni. Akaondoa kanga kichwani, akainua uso, akamtazama machoni.

"Kamwene, baba," alisema kwa Kihehe, polepole, kama anavyoamkiwa mzee yule na mabinti wote wa Igowole.

Mzee Kalinga akamwekea mkono kichwani, machozi yakamtoka, akacheka humohumo. "Kamwene, mwanangu! Kamwene!"

Gideoni alikumbuka neno la Anyitike: akimtazama mzee usoni, siku hiyo mimi sina mke. Katika ua mzima, mwanamume aliyeelewa salamu ile alikuwa yeye peke yake.

Tusekile alimsindikiza Gideoni hadi kwenye kichochoro.

"Ni nani?" Gideoni aliuliza.

"Lutengano. Mwalimu, wa kwetu Rungwe. Ng'ombe wameingia mwezi uliopita."

"Unampenda?"

"Ni mtu mwema."

"Tuse, sikukuuliza hivyo."

Akatazama mikono yake. "Nilikungoja, Gide. Tajiri alisema nimeacha kazi kwa kuwa nilimwomba; kila simu ikilia nilikuwa uani kwake, nimejificha, nasema leo Gide akimwuliza kwa nini nilikimbia nitatoka nimjibu. Neno moja tu, kwa nini. Uliuliza mengi, hilo hukuuliza."

"Nauliza sasa."

"Sasa nina baba mkwe mwingine," alisema. "Huyo uso wake siujui."

Akavuta kanga kichwani, akarudi ndani.

Kituoni mzee Kalinga alinunua maparachichi ya njiani na kumpa kondakta moja, jambo asilowahi kufanya. Ndani ya basi alikuwa anatikisa kichwa kwa raha.

"Umeona, Gideoni? Mimi nimefuata ya kwao, naye kafuata ya kwetu. Kaja mwenyewe, kanitazama machoni! Binti ana adabu yule." Basi likaanza kupanda kilima. "Basi harusi tupange lini?"