Hesabu Zinazonuka Farasi

Kila Ijumaa Mama Concessa akirudi kutoka uwanja wa ndege wa Arlanda, ambako alisafisha ndege, huvua viatu mlangoni, huketi jikoni na kusema, "Diane, nisomee barua ya shule."

Diane, mwenye miaka kumi na miwili, husoma Kiswidi na kumweleza mama yake kwa Kiswahili. Mama alikuwa ametoka Burundi akiwa mtu mzima, na Kiswidi chake kilikuwa cha kazini tu: ndoo, sabuni, haraka.

Ijumaa moja ya Novemba, macho ya Diane yaliganda katikati ya ukurasa.

"Wanasemaje?"

"Wanasema baridi imeanza. Tuvae kofia."

Mama aliichukua karatasi akaigeuza huku na huku. "Mistari yote hii ni kofia tu?"

"Waswidi wanapenda kueleza, Mama."

Mama alikwenda kutundika koti la Diane, akalinusa. Kisha akachomoa unyasi mkavu kwenye kofia yake ya sufu, akauweka mezani taratibu.

"Jumanne ulikuwa wapi?"

"Kwenye masomo ya ziada ya hesabu."

"Ahaa! Kumbe hesabu za siku hizi zinanuka farasi."

Diane alicheka. Mama hakucheka.

Shule yao ya umma ilipokea watoto wa maghorofa ya mji wa Märsta, waliokuja kwa miguu, na watoto wa mashambani, walioletwa kwa basi la shule. Natalie, rafiki yake Diane, alikuwa wa mashambani, na kwao kulikuwa na farasi watatu. Jumanne nne mfululizo Diane alikuwa amejipenyeza ndani ya basi hilo, akaenda kuwapiga brashi farasi huku wenzake wakikokotoa sehemu na asilimia. Barua ilisema mzazi asipojibu kufikia Alhamisi, nafasi ya Diane katika masomo hayo atapewa mtoto mwingine. Naye alikuwa amekwisha kufeli majaribio mawili.

Siku zilizofuata, nyumba ilijaa macho. Mama alipika bila kuimba. Jumatatu alipiga simu, akafunga mlango wa chumba. Diane alitega sikio, lakini alisikia tu, "Ndiyo, Kiswahili. Ndiyo, Jumatano." Anajua? Hajui? Diane alianza kumtilia shaka hata Natalie: nani kama si yeye aliyemwambia Mama?

Jumatano Mama alivaa gauni lake la kanisani. "Twende shuleni."

Moyo wa Diane ulishtuka, kisha ukatulia. Siku zote yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wa mama yake. Angesema anachotaka.

Lakini Mwalimu Karin, badala ya kumtazama Diane, aliweka simu katikati ya meza na kubonyeza kitufe.

"Hamjambo?" sauti ya mwanamume ilitoka simuni. "Naitwa Achola, mkalimani. Nitatafsiri kila litakalosemwa chumbani humo. Siongezi, sipunguzi."

"Hatujambo, kaka," alijibu Mama, akimtazama binti yake. "Mama Vénantie wa kanisani aliniambia shule hutafuta mkalimani ukiomba. Miaka mitatu hapa Uswidi sikujua."

Mwalimu Karin alieleza, na Achola akatafsiri: Diane amekosa masomo ya ziada mara nne; barua haikujibiwa; kesho nafasi itachukuliwa. "Na kuna jambo la..." aliendelea Achola.

Diane aliiinamia simu, akanong'ona kwa Kiswidi, haraka haraka.

Kisha Achola, kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka, akasema kwa Kiswahili: "'Nakuomba kaka, lile la basi usimwambie mama.'"

"Basi gani?" aliuliza Mama.

Mwalimu Karin aliuma mdomo asicheke. Diane alitamani sakafu immeze. Hapakuwa tena na pa kukimbilia, akasema yote mwenyewe, kwa Kiswahili: basi, farasi, barua. Machozi yalimtiririka. Achola naye aliyatafsiri maneno yake yote kwa Kiswidi, neno kwa neno.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Kaka, mwambie mwalimu nafasi asimpe mtu mwingine. Nitaweka sahihi sasa hivi. Kuanzia Jumanne, mtoto huyu akikosa dakika moja, anipigie simu mimi."

Mwalimu Karin aliitikia, akasogeza karatasi na kalamu.

Njiani kurudi, theluji ya kwanza ilikuwa ikianguka. Diane aliuliza kwa sauti ndogo, "Mama, unanichukia?"

"Nisikilize, binti yangu. Mimi pia nimekosa. Nilikutwika kazi ya mtu mzima, na Januari nitaingia darasa la Kiswidi. Lakini wewe ulikuwa sikio langu katika nchi hii. Sikio likimdanganya mwenyewe, ataanguka shimoni akidhani yuko barabarani." Alimkung'uta theluji begani. "Unataka kuwa nani ukikua?"

"Daktari wa farasi."

"Na dawa zao utazipima kwa brashi?"

Diane alicheka huku akilia.

Ijumaa iliyofuata alisoma barua mstari kwa mstari, hata pale palipoandikwa kwamba baadhi ya wanafunzi wanapanda basi bila ruhusa. Mama alisikiliza, kisha akanyoosha kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Na hapa?"

"Wanasema baridi imezidi. Tuvae kofia."

Mama alimkazia macho kwa muda mrefu. "Safari hii nakuamini," alisema. "Lakini ujue, binti yangu, uaminifu ukivunjika siku moja, hujengwa Ijumaa baada ya Ijumaa."