Nyundo Chini ya Mashua

Ko, ko, ko! Usiku wa manane rafiki yangu Sikudhani alisikia nyundo uani kwao Kizota, na nyundo yenyewe ilikuwa inagonga chini ya ile mashua kuukuu ya tanga waliyoinunua Mtera, ambayo mumewe, Makame, aliifudikiza apate kuziba nyufa zake kwa pamba.

"Baba Nasri, nani anagonga?"

"Panya hao. Lala."

"Panya gani ana nyundo?"

Kulipokucha Makame akaiinua mashua. Hamkuwa na mtu, lakini nyufa zote zilikuwa zimeshazibwa, tena kwa ndani, kwa vipande vya mbeleko ya mtoto wao. Sikudhani akakimbilia chumbani. Nasri yupo kitandani, amelala fofofo, nywele zinamchuruzika maji.

Niliapa sitamwambia mtu. Basi baada yako wewe, naapa tena, simwambii mwingine.