Sauti ya Yung-chi Chumbani

"Usizime! Bado sijamaliza..."

Wapendwa, hiyo ilikuwa sauti ya mume wangu, Yung-chi.

Na Yung-chi alikuwa ametimiza siku saba tangu afariki!

Sarafu zikanidondoka. Shemeji yangu, Po-hsun, akarudi nyuma hadi akakanyaga sahani ya machungwa.

"Shemeji... umesikia?"

"Nimesikia."

"Si ungesema hujasikia!"

Ilikuwa asubuhi, hapa kwetu Tainan. Tulikuwa tumemwandalia marehemu chakula cha siku ya saba mezani, mbele ya picha yake. Samaki mwatiko wa kukaanga, chai, vyote alivyopenda. Ukishaandaa, unamuuliza kama ameshiba, kisha unarusha sarafu mbili. Zikilala tofauti, moja uso, moja mgongo, amekubali. Zikifanana, bado.

Zetu zilikuwa zinafanana tu!

"Labda anataka sigara," Po-hsun alikuwa amenong'ona.

Tukawasha sigara. Bado.

"Labda ni ule ubishi wetu wa besiboli. Kaka, ulishinda wewe! Haya, shiba basi!"

Bado...

Asiposhiba leo, ataondokaje kwa amani?

Ndipo sauti ile ikatoka chumbani kwake. Na mlango ulikuwa umefungwa!

"Tangulia, Po-hsun."

"Mimi? Wewe ndiye mkewe!"

"Wewe ndiye mwanaume."

"Leo uanaume siusikii kabisa, shemeji."

Nikausukuma mlango mwenyewe...

Kompyuta yake ilikuwa inawaka. Kwenye kioo kulikuwa na herufi moja tu, nyeusi, kubwa kama dirisha. Mbele yake kichwa cha mvi. Kimya. Hakitikisiki.

Nilipiga ukelele!

Kichwa kikageuka. Alikuwa mama mkwe.

"Mama! Si tulikupeleka kwa binti yako?"

"Nimerudi. Mlango wa nyuma hamkuufunga."

"Lakini mama, desturi..."

"Desturi naijua tangu hujazaliwa."

Kwetu, mwenye mvi hamsindikizi mwenye nywele nyeusi. Mzazi hasimami mbele ya picha ya mwanawe aliyekufa. Siku ya mazishi tulimficha, na leo pia.

Macho ya mama yamefifia. Yung-chi, alipokuwa hai, alimfundisha vile vifaa vidogo vinavyokuja na kompyuta yenyewe, ambavyo wengi wetu hatuvifungui: kioo cha kukuzia maandishi, na kinasa sauti. Siku ya somo, kinasa kilimnasa mwalimu.

Mama akabonyeza tena.

"Mama, usizime! Bado sijamaliza... Bonyeza hicho kiduara, useme neno."

"Neno gani?"

"Lolote. Nitalisikiliza baadaye."

Kisha kicheko cha mama, na kimya.

Po-hsun akakaa sakafuni, akajifunika uso.

"Mama," nikamuuliza, "hukuwahi kulisema?"

"Siku ile nilicheka tu. Leo nimelisema, limo humo. Mmenikataza mimi kusimama pale mezani. Sauti yangu hamkuikataza."



Nikaibeba kompyuta hadi mbele ya picha ya Yung-chi. Mama akabaki chumbani, kama desturi inavyotaka. Nikabonyeza.

"Yung-chi, mwanangu. Kula, samaki anapoa. Usinisubiri mlangoni. Siku yangu ikifika, njia nitaiona."

Nikaokota sarafu.

"Umeshiba, mume wangu?"

Nikarusha...

Moja uso.

Moja mgongo.

Po-hsun akaangua kilio. Chumbani, mama akauliza taratibu, "Amekula?"

"Amekula, mama."

Ndugu zangu, tulihangaika na sigara na besiboli, kumbe tuliyemfungia nje ndiye aliyekuwa anangojwa. Shikeni desturi, lakini kabla hamjafunga mlango, muulizeni mzazi ana neno gani.

Na kama wazazi wenu bado wapo, wanaseni sauti leo. Hata wakicheka tu.